Kofia ya Kinyozi wa Mtaa wa Dobi

Kaka yangu Bakari,

Amani iwe juu yako, wewe uliyetangulia. Mimi ninayefuata bado niko Mjambere, chumba kile kile, dirisha lile lile lisilofunga. Tangu tukuzike sikuwa na la kukwambia. Sasa ninalo. Nimevuka maji, kaka. Nimerudi Likoni, Mtaa wa Dobi, na ile kofia nilikuwa nayo mkononi.

Najua uliapa. Nilikuwa ubavuni mwako kwenye feri, godoro kichwani, ulipogeuka ukatazama tulikotoka ukasema, "Wallahi, maji haya siyavuki tena kurudi huko." Hukuniuliza kama naapa pamoja nawe. Niliapa kwa kunyamaza. Watu wakisikia kwamba mtu aliondoshwa kwao hudhani alipelekwa mbali. Sisi hata Mombasa hatukutoka. Miaka thelathini na moja nimeishi mwendo wa asubuhi moja kutoka mahali nilipozaliwa, na sikupaona.

Barua hii itasomwa na wengine. Riziki, binti wa jirani yetu Kombo kinyozi, aliniomba niandike juu ya mtaa wetu, maneno ya kubandikwa ukutani siku ya kuufungua upya. Nilijaribu mara nne kuuandikia umma na mara nne nikachana karatasi. Basi nakuandikia wewe, na wao wasome. Yale unayoyajua nitayaeleza hata hivyo, kwa ajili yao. Univumilie.

Kwanza niseme jambo lenyewe, maana nikilizunguka sitalifikia. Ulipokuwa unakufa uliamini kwamba unayo amana ya mtu uliyoizuia kwa hasira. Mimi nilijua kwamba huna. Ilikwisha kurudi kwa mwenyewe miaka mingi nyuma, kwa mkono wangu. Nilikaa kando ya kitanda chako siku tisa na sikukwambia.

Sasa mtaa.

Ulikuwa mfupi. Kutoka barabara ya feri hadi mlango wa msikiti ni hatua mia mbili na kumi, hatua zangu za wakati ule. Mlango wa kwanza ulikuwa wa Kombo kinyozi, wa pili wetu, kisha washona nguo, muuza mafuta ya taa, Mama Kadzo na karai lake la viazi, na kuendelea. Lakini jina la mtaa lilitokana na mlango wa pili. Baba alifua kofia pale, nasi tukarithi. Kanzu na mashuka tuliwaachia wengine. Sisi tulifua kofia tu, zile za mkono, za vitobo, ambazo mwanamke hukaa nazo miezi kuzishona na mwanamume huzivaa miaka.

Kila mtu wa heshima upande ule alikuwa na kofia mbili, moja kichwani na moja kwa dobi. Ijumaa asubuhi alikuja kwa Kombo kunyolewa, akaivua ya kichwani, na Kombo akaipitisha kwenye kidirisha kilichotobolewa katika ukuta wetu wa pamoja. Mkono wako ulikuwa tayari upande wa pili na ile safi, imesimama kwa wanga. Mteja alitoka kwa kinyozi ameng'aa kichwa, kofia imekaa wima, akaelekea msikitini. Hakuwahi hata kuingia kwetu. Wako wateja niliowajua kwa kofia tu, sura zao sikupata kuziona.

Tuligawana kazi. Mimi nilikuwa wa maji na wanga. Nililoweka, nikasugua, nikatia buluu kidogo, kisha nikaitumbukiza kofia katika wanga wa moto na kuikamua kwa vidole. Lazima uwe moto, ukipoa unafanya madonge. Wewe ulikuwa wa vichwa. Tulikuwa na vichwa kumi na kimoja vya mti, vikubwa kwa vidogo, na kila kofia uliivalisha kichwa chake, ukaizibua vitobo kimoja kimoja kwa njiti ya ukuti kabla wanga haujakauka. Kichwa cha kumi na kimoja kilichongwa kwa ajili ya Kombo peke yake. Seremala alipoletewa kipimo aliuliza kama tunataka kinu. Kombo alisikia kupitia kidirisha.

"Cheka, Bakari," alisema. "Kichwa changu kina chumba na ukumbi. Chako kina baraza tu."

Hatukuandika majina ndani ya kofia. Baba alisema wino ni uchafu, dobi hatii uchafu. Tulitia alama ya uzi, kifundo ndani ya ukingo, rangi na idadi kwa kila mtu. Kombo alikuwa uzi mwekundu, mafundo mawili. Wewe ulikuwa uzi mweupe, mafundo mawili, na mimi uzi mweupe, fundo moja, kwa kuwa vya nyumbani havihitaji kuonekana. Mafundo yote uliyafunga wewe. Nilijaribu mara moja ukalishika fundo langu, ukaliangalia, ukasema, "Hili fundo au jiwe la figo?" Sikujaribu tena kwa miaka.

Na kulikuwa na sheria ya baba. Kofia ya mtu ni amana. Haipewi mwingine ila kwa idhini yake, haiuzwi hata mwenyewe akisahau mwaka mzima, na akifa inapelekwa kwao ikiwa safi. Mara ngapi tulipeleka kofia matangani, imefungwa katika gazeti, mjane akaipokea kwa mikono miwili. Magazeti yale nilikuwa nayasoma kabla ya kufungia. Ndiyo shule yangu yote baada ya darasa la saba, na ndiyo maana wewe ulikuwa ukiniita Bwana Mhariri.

Wanaosoma hii na si wa huku inafaa waelewe jinsi tulivyokaa. Nyumba ilikuwa yetu, ardhi ilikuwa ya mwingine. Babu alijenga kwa ruhusa ya mdomo ya mwenye shamba, na kila mwezi tulimlipa kwa ajili ya udongo ulio chini ya kuta zetu. Nusu ya Mombasa ya bara imejengwa hivyo. Ukuta unaweza kuurithi, lakini chini ya ukuta huna kitu. Mwenye shamba alipokufa wanawe waliuza. Mnunuzi hatukumwona. Tuliona karani wake, mezani mwa ofisi moja kule ng'ambo ya feri, na karatasi ya kukubali kuondoka ambayo kila mwenye nyumba alitakiwa kutia dole gumba.

Kisha orodha ikabandikwa kwenye ukuta wa msikiti. Majina ya waliokubali. La kwanza lilikuwa la Kombo.

Ulisimama mbele ya ile orodha muda ambao sijui niupime vipi. Kisha ukarudi dukani, ukachukua ubao wa kukatia njiti, ukaupigilia misumari kwenye kidirisha. Kombo alikuwa na mteja upande wa pili. Nilimsikia akisema, "Bakari? Kwani kuna nini, yakhe?" Uliendelea kugonga.

Hukumsemesha tena mpaka mwisho. Siku ya kufunga mizigo uliigawa kofia ya kila mtu kwa mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa miguu yako. Ya Kombo uliitia mfukoni. Nikakuuliza. Ukasema, "Hii nakwenda nayo. Aje aifuate."

Mimi sikulala vizuri. Sikuwa na hasira na Kombo, wala sikuwa na huruma naye. Nilikuwa nafikiria sheria ya baba tu, jinsi mtu anavyofikiria jino. Alfajiri, ulipokwenda msikitini, niliitoa kofia ya Kombo katika koti lako. Nikachukua yangu, ile niliyooea, nikakata fundo langu jeupe, na kwa uzi mwekundu nikafunga mafundo mawili kwa mkono wangu mzito. Nikaitia katika koti. Ya Kombo nikaipeleka. Alinifungulia mlango, akaipokea kwa mikono miwili. Hatukusemezana. Magari ya kubomoa yalikuwa yameshaanza kunguruma upande wa barabara.

Hiyo ndiyo habari. Ni ndogo. Nimeibeba miaka thelathini na moja.

Mjambere tulifua nguo za watu wa kawaida, mashati na sare. Wanga wa kofia hatukupika tena ila mara moja kwa mwaka. Kila Shaaban, kabla ya mfungo, uliitoa ile kofia uliyoiita ya Kombo, ukaifua mwenyewe toka mwanzo hadi mwisho. Hukuniruhusu hata kuchota maji. Nilidhani unainoa chuki yako. Nilikaa mlangoni na gazeti, sisomi, nikikusikia unasugua kofia yangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa na hofu. Mwaka wa pili pia. Baada ya hapo hofu ilikwisha na hakikuja kitu mahali pake.

Kisha maradhi yako, mwaka juzi. Siku ya saba uliniita.

"Athumani."

"Labeka."

"Kofia ya Kombo. Mpelekee."

"Nitampelekea."

"Weye mwenyewe. Usimpe mtu akupelekee. Na usiseme utakwenda halafu ukakaa na magazeti yako."

"Nitakwenda, kaka."

"Amana haijui hasira," ulisema. Yale yalikuwa maneno ya baba.

Ningeweza kusema pale pale. Ulikuwa na akili zako, chumba kilikuwa kitupu, mkeo alikuwa uani. Nilikunywesha maji kwa kijiko. Nilifuta kidevu chako. Nikapima: nikisema, utajua kwamba nilikudanganya maisha yako nusu, nisiposema, utakufa na deni usilokuwa nalo. Nilipima kwa utulivu, kama mtu anayechagua sabuni. Siku mbili baadaye hakukuwa na la kupima.

Watu walilia matangani. Mimi nilipanga viti. Mkeo aliniambia, "Shemeji, lia, ni halali." Nikamjibu nitalia baadaye. Miaka miwili imepita na bado nasema baadaye.

Simu ya Riziki ilikuja wiki tatu zilizopita.

"Ami, shikamoo. Mimi Riziki wa Kombo. Usinikatie simu."

"Marahaba. Mimi nimekukatia lini?"

"Ami Bakari alinikatia mara tatu enzi zake, nikajua ni damu."

Akanieleza. Yule mnunuzi hakujenga kitu. Mahali petu palizungushiwa ukuta, pakawa uwanja wa kulaza malori yanayongoja kupakia, kisha malori yakahama na ukuta ukaachwa. Watu wakaanza kurudi kwa meza, kwa vibanda, mmoja mmoja. Mama Kadzo akarudi na karai. Riziki akaja na cherehani mbili. Walipokuwa arubaini walikwenda kudai, wakadai miaka minane, mpaka sehemu ile ikarudishwa kwa matumizi ya wenyeji na mradi ukaja kuujenga mtaa. "Tumeujenga ulivyokuwa, ami. Mlango kwa mlango. Lakini tunabishana. Huyu anasema dobi alikuwa wa tatu, huyu wa pili. Njoo utuoneshe. Na baba anakuulizia kila siku. Macho yake yamekwenda, lakini mdomo upo."

Nikatoa kofia sandukuni. Ilikuwa imeanza kuwa njano, kwa kuwa Shaaban mbili zimepita bila wewe. Nikaifunga katika gazeti.

Ningependa kukwambia nilihisi nini feri ilipoondoka. Nilijiangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa, nikingoja dalili. Watu walikuwa wamejaa, mwanamke mmoja alikuwa na kuku ndani ya kikapu, maji yalikuwa ya kijani. Nikashuka. Nilipanda kilima pamoja na wengine na magoti yangu yakaniuma kwa namna ya kawaida.

Mtaa ni mzuri. Sisemi kwa kejeli. Wametandika matofali ya saruji chini, rangi mbili, nyekundu na kijivu, na maji ya mvua yana mfereji wake. Kuna taa za jua juu ya nguzo. Kuta zimepakwa chokaa, milango kijani. Kijana mmoja anauza kahawa kwa mashine inayopiga mluzi, na bado anaijaza katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Mama Kadzo yuko, sasa anakaanga binti yake na yeye anakaa kwenye kiti akitoa amri. Aliniangalia, akaangalia gazeti nililoshika, akasema, "Dobi. Umezeeka vibaya. Keti ule." Nikala kiazi. Kilikuwa na ukwaju. Nikamshukuru.

Nikauhesabu mtaa kwa hatua. Zilikuwa mia mbili na sitini. Mtaa haukurefuka, hatua zangu ndizo zilizofupika. Riziki alitembea nami na daftari. Nilimwonesha: hapa kwenu, hapa kwetu, wa pili, asibishe mtu. Aliandika. Ni mwanamke wa miaka hamsini sasa, kaka, na ana paji la Kombo. Akanipeleka ndani ya mlango wa pili. Ni chumba kitupu kinachonuka saruji. Kwenye ukuta wa kushoto wameacha tundu la mraba.

"Mafundi walikataa," alisema. "Waliniuliza hili tundu la nini, panya? Nikawaambia kofia zitapita hapo. Wakaniona mwehu."

Nilitia mkono wangu tunduni. Ulipita mpaka kwenye kiwiko. Nikangoja tena. Hakikuja kitu. Kisha upande wa pili mtu akaushika mkono wangu.

"Huu si wa Bakari," sauti ikasema. "Wa Bakari ulikuwa na nyama. Huu ni wa Bwana Mhariri."

Alikuwa amekaa kule mlango wa kwanza, kwenye kiti cha kunyolea walichomnunulia kwa mapambo. Nikazunguka. Kombo amekuwa mdogo, kaka. Mwili umekwisha, kichwa kimebaki vile vile, kwa hiyo sasa kinaonekana kikubwa zaidi. Macho yana ukungu.

"Shikamoo, bwana Kombo."

"Marahaba. Umechelewa. Chai niliyokuwekea imepoa tangu nalikuwa na meno."

"Nimeletwa na wasia."

"Nimesikia Bakari ametangulia. Nalitaka kuja kuzika. Riziki akanambia, baba, yule mtu hata simu hapokei, ukienda atafufuka." Akanielekezea uso. "Alikufa na kinyongo na mimi?"

Nikamwambia uliliona jina lake likiwa la kwanza kwenye orodha.

"Orodha." Alilirudia neno hilo kana kwamba ni jina la mtu aliyewahi kumnyoa. "Athumani, orodha ile ilipangwa kwa milango. Mlango wangu ulikuwa wa kwanza. Nyinyi mlikuwa wa ngapi?"

"Wa pili."

"Haya. Mimi nalitia dole Jumatano. Nyinyi mlitia lini?"

Nilikuwa nawe siku ile, kaka. Nilikushika mkono kwa kuwa wino ulikuwa mwingi.

"Jumanne," nikasema.

Riziki aliacha kuandika. Kombo alitikisa kichwa polepole, muda mrefu, bila furaha na bila ushindi. "Sote tulitia," alisema. "Hakuna aliyekuwa na ardhi ya kusimamia akakataa. Bakari alitaka kuwe na wa kwanza tu, apate wa kumlaumu."

Nikafungua gazeti. Nilitaka kumaliza. Nilisema, kama ulivyoniagiza, "Bakari amekuletea amana yako," nikaiweka kofia mikononi mwake. Nilikusudia aipokee tu na mimi niondoke. Atasema nini, mtu asiyeona?

Nilisahau alikuwa kinyozi. Aliishika kama alivyokuwa akishika vichwa, kwa vidole vyote kumi. Aliifungua, akaipima kwa kiganja, akaizungusha. Kisha akaivaa, na ikakaa juu ya utosi wake kama kikombe juu ya papai. Riziki akaziba mdomo. Kombo mwenyewe akacheka, cheko la pumzi tu.

"Yakhe. Hiki ni kichwa chako. Nimekinyoa miaka kumi na nne, kina bonde nyuma. Yangu uliniletea mwenyewe ile alfajiri. Ningezikwa nayo kama si Riziki kuificha, maana imechakaa mpaka inaonesha upande wa pili."

Basi nikamwambia. Nilimwambia yote, mbele ya binti yake: koti, uzi, Shaaban zote thelathini, siku ya saba, kijiko cha maji. Nilimwambia ulikufa ukidhani umezuia amana na mimi nilikuacha. Sauti yangu haikutetemeka. Nilisikia ninavyosema vizuri, kwa mpangilio.

Alikuwa ameivua kofia, amepitisha kidole ndani ya ukingo. Akapata mafundo mekundu.

"Haya umefunga wewe."

"Mimi."

"Mabaya."

"Najua."

"Athumani, nikuulize kitu. Bakari alikuwa akivalisha kofia vichwa kwa kuangalia tu, hapimi. Kofia yangu na yako ni kinu na kikombe. Aifue mara thelathini, aizibue vitobo, asijue si yangu? Na mafundo haya kama kokoto, asijue si yake?"

Sikuwa nimefikiri hivyo. Andika hilo, Riziki, ukibandika: mtu aliyesoma magazeti yote ya Likoni hakuwahi kufikiri hivyo. Nilikuwa nimeshughulika na dhambi yangu.

Kidole cha Kombo kilikuwa kinaendelea, kikizunguka ukingo, upande wa kushoto. Kikasimama.

"Na hili?"

"Lipi?"

"Hapa. Fundo la tatu. Dogo. Hili ni la mkono wa Bakari, wallahi, hili ni kama punje ya ufuta."

Nilichukua kofia nikapitisha kidole. Sikusikia kitu. Unajua ncha za vidole vyangu, kaka. Wanga wa moto uliziua kabla sijafika miaka thelathini. Nikaangalia kwa macho. Nyeupe juu ya nyeupe, sikuona. Riziki akaichukua, akaenda nayo mlangoni penye mwanga, akavaa miwani yake ya kushonea.

"Lipo, ami," alisema. "Uzi mweupe. Fundo moja."

Kombo akaitaka tena. Alilisugua lile fundo kati ya vidole viwili. "Limekula wanga tabaka kwa tabaka," alisema. "Limekuwa gumu. Si la juzi hili. Hili lilifungwa zamani, labda hata ule mwaka wa kwanza."

Ulijua, basi. Ule mwaka wa kwanza nilipokaa mlangoni na gazeti, nikiwa na hofu, ulikuwa umekaa na kofia yangu magotini ukiifunga alama yangu. Hukuyakata mafundo yangu mabaya. Uliyaacha, ukatia la kweli kando. Kila mwaka ukaifua kofia ya mdogo wako, ukaiita ya Kombo kwa sauti, ili mimi nisikie. Sijui kama ulikuwa ukinisubiri niseme au ukinificha nisiaibike. Nimelifikiria jambo hili siku kumi na mbili na sijui. Na ile siku ya saba, uliposema nimpelekee mwenyewe, nisitume mtu, sasa nadhani hukuwa ukisema juu ya kofia. Wewe uliyeapa hukuweza kuvuka. Ukanivusha mimi.

Au sivyo. Hukusema, nami sikusema.

Kombo alinirudishia. "Chukua kofia yako," alisema. "Ya kwangu ilifika. Bakari hana amana yangu, nashuhudia, na binti yangu ameandika." Kisha akaongeza, "Ifue. Inanuka sanduku."

Nimeifua. Riziki aliniwashia jiko katika mlango wa pili, vichwa vya mti hakuna, kwa hiyo nimeivalisha bakuli la Mama Kadzo lililogeuzwa. Watu walisimama kutazama, mmoja akapiga picha. Wameniomba nije kila Ijumaa niwafundishe wana wa mtaa, na nimesema nitakuja. Sikusema kwa furaha. Nimesema kwa kuwa kidirisha kipo na upande wa pili kuna mtu.

Chozi halijanitoka. Naliandika hili kwa kuwa ungeuliza. Nilidhani likitatuliwa fundo hilo kitu fulani kingefunguka kifuani, na sikuona kikifunguka.

Ijumaa iliyopita niliivaa. Inanikaa, bonde la nyuma na yote. Kabla ya kuivaa nilipitisha kidole ndani, upande wa kushoto, polepole, mara mbili au tatu. Kidole hakisikii kitu, kaka. Najua lipo.

Lala. Mtaa wako una mlango wa pili, na huna cha mtu.

Mdogo wako,
Athumani